Chini ya Ukurasa wa Kufuta

Wenzangu pale ghalani walikiita tofali. Kitabu cha amri za Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, kinene, jalada gumu, kilikaa mezani kwangu miaka yote. "Dada Fundi, hilo si la kusoma, ni la kujengea," walinitania. Niliwaacha wacheke.

Mchana ule mtoto wa tajiri wetu aliingia chumba cha kompyuta na nondo mkononi, inachuruzika damu ya mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa mlinzi. Alikataa kulifungulia geti lori lisilo na kibali, akapigwa hadi akafa, pale uani chini ya kamera.

"Mdogo wako kafa. Ifute hiyo picha ya kamera," akasema yule mtoto wa tajiri. Simu yangu aliikanyaga, waya wa intaneti akaung'oa.

"Sifuti."

Nondo ikashuka kwenye mkono wangu wa kushoto. Niliusikia mfupa ukivunjika. Nikaandika amri kwa mkono uliobaki, lakini hakuniamini. Akafunua tofali, akafuatisha herufi kwa kidole chenye damu.

"Rm. Huondoa faili. Haya, bonyeza!"

Nikabonyeza. Faili likatoweka kwenye orodha, naye akacheka. Haraka haraka haina baraka. Hakusoma hadi chini. Chini ya ukurasa uleule imeandikwa kwamba faili ambalo programu bado inalitumia hupotea jina tu, vilivyomo hubaki mpaka programu izimwe. Na kamera zilikuwa bado zinarekodi ndani ya faili lile.

Akanyoosha mkono azime kompyuta.

"Zima," nikamwambia, "king'ora kilie, mtaa mzima ujae hapa."

Uongo mtupu. Akasita, akaurudisha mkono, kisha akanitwanga tofali usoni. Meno mawili yakadondoka sakafuni.

"Ukifungua mdomo, utamfuata," akasema, akatoka.

Amri ya kulirudisha faili sikuwa nayo kichwani. Nilipekua kurasa, damu inadondokea maandishi, hadi nikaiona. Nilinakili kwanza kwenye flashi. Ndipo nikatazama, na ninajuta kwamba sauti nayo ilirekodiwa.

Mdogo wangu alijikinga kwa mikono, anaita. Hakumwita mama. Aliita, "Dada! Dada!" Nami nilikuwa nyuma ya ukuta uleule, feni za mashine zinavuma, sisikii kitu.

Nikaisukumia flashi mdomoni, pale palipokuwa na meno, nikatoka kwenda polisi.