Nyuma ya Mama Mkwe

Wenzake kwenye karakana ya kuchomelea vyuma walimwita Umeme, kwa jinsi alivyopanda vilima. Mwaka uliopita alishika nafasi ya tatu katika mbio za usiku za msituni, kilomita arobaini za kupanda na kushuka. Mwaka huu msuli wa paja ulichanika wiki chache kabla, daktari akamkataza kukimbia, na waandaaji wakampa kazi isiyotaka mbio: kumfuata mkimbiaji wa mwisho, kufungua tepe za kuonyesha njia zilizofungwa mitini, na kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma.

Mkimbiaji wa mwisho akatokea kuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama," alisema pale walipoachwa na kundi, saa tatu kasoro usiku.

"Marahaba, mwanangu. Usinikanyage visigino."

Mama huyu alifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate kwa miaka thelathini. Alipostaafu, mwili ulikataa kujifunza kulala. Usiku wa manane alikuwa akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, mpaka binti yake akalalamika. Basi alipoona tangazo la mbio za usiku, alicheka peke yake: hatimaye kuna kazi nyingine ya saa zile.

Alikwenda mwendo wake, hatua fupifupi, hasimami. Umeme nyuma yake alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Alifungua utepe, akaukunja, akamfikia mama, akangoja, akafungua mwingine. Redio kiunoni ilitangaza walio mbele: wamepita kituo cha pili, wamepita cha tatu. Aliwajua wote kwa majina, na aliyeongoza hakuwahi kumshinda hata siku moja. Kila kilima kilimwasha miguu. Heshima ilimbana pia; huwezi kumwambia mama mkwe wako aongeze mwendo.

Kituo cha tatu kilikuwa kinafungwa saa nane kamili. Atakayechelewa anavuliwa namba na kurudishwa kwa gari. Zilipobaki kilomita mbili, kwenye mteremko, mama aliuliza, "Saa ngapi sasa?" Saa yake aliiacha nyumbani.

Umeme akaangalia mkononi. Saa saba na dakika thelathini na mbili.

"Saa nane na dakika tano, mama. Wameshafunga."

Yalimtoka kabla hajayafikiria. Mama akasimama, akashusha pumzi ndefu, akakaa kwenye gogo. Akavua viatu, akaanza kukanda nyayo. Umeme akawaza mama akipanda gari na yeye akimalizia tepe kwa mwendo wake mwenyewe, akajisikia mwepesi. Zikapita dakika kama kumi.

"Unisamehe, mwanangu," mama akasema. "Kijana mwenye mbio kama zako, nimekuburuza usiku kucha kama mkokoteni. Ningejua ni wewe watakayemweka nyuma, nisingejiandikisha."

Umeme akazungukazunguka pale, akafungua utepe, akaufunga tena.

"Mama, nimekudanganya. Muda ulikuwepo. Bado upo kidogo."

Mama akainua kichwa, tochi yake ikampiga Umeme machoni, asiweze kuuona uso wake. Alivaa viatu, akakaza kamba, akateremka. Sasa alikimbia kweli, mawe yakiporomoka chini yake, na Umeme alimfuata akichechemea, paja likimvuta, tepe akizinyofoa bila kuzikunja.

Walifika saa nane na dakika nne.

"Kosa ni langu," Umeme alimwambia msimamizi, mwanamke mwenye koti la mvua. "Nilimpotezea dakika kumi. Mrudishie."

"Nikimrudishia yeye, wale sita waliochelewa, waliomo garini, niwaambie nini?"

Mama alikwisha kuifungua namba kifuani. Akamkabidhi, akanywa maji, akauliza, "Huyu bado ana kazi ya kufungua tepe mpaka mwisho?"

"Bado."

"Njia ni ya serikali, siyo yenu. Nitamsaidia."

Wakaingia tena msituni. Mama alifungua tepe za kulia, yeye za kushoto. Karibu na alfajiri mama akasema tu, "Ule wa juu umeuruka," naye akarudi kuufungua.

Walitokea uwanjani jua limechomoza, mahema yanakunjwa, washindi wamekwenda zao. Mkewe Umeme alikuwa akiwangoja na chupa ya chai.

"Mbona mmechelewa hivi?"

"Mimi ni mzito, mwanangu," mama akawahi. "Mumeo kanivumilia."

Umeme alikuwa ameshika kikombe. Angeweza kunywa, mambo yakaisha. Lakini akakiweka kikombe chini.

"Siyo hivyo," akasema, akamweleza mkewe yote, amesimama, gogo na saa na uongo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga chupa, akamshika mama yake mkono, wakatangulia garini.

Umeme alibaki na gunia la tepe, hajui kama anangojwa au aanze kutembea. Kisha honi ikapigwa mara moja, fupi.