Parashuti Iliyopigwa Pasi

Mtaa mzima walimwita Pedeli. Miaka ishirini na nane alikuwa anakanyaga cherehani, na mguu wake wa kulia ukasahau namna ya kutulia. Hata akikaa mezani, mguu unakanyaga tu, chai inamwagika kwenye kisahani, mkewe anamtazama. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho.

Basi huyu Pedeli, miaka hamsini na miwili, kitambi cha kukaa, siku moja akatoka nje ya duka lake kunyoosha mgongo. Akasikia mngurumo. Kutazama juu, mtu anapita. Mtu kabisa, amekaa raha mustarehe kama yuko kibarazani, mgongoni kabeba injini yenye feni kubwa, na juu yake parashuti imejipinda kama ukucha. Yule mtu akampungia mkono, akapotea nyuma ya mabati ya ghala la mbao.

Kuanzia hapo kazi haikuingia tena. Anakata suruali, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Chakula hakishuki. Usingizi wa mang'amung'amu.

"Una nini wewe?" mkewe akamuuliza. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, watu walioanguka kutoka juu aliwajua kitanda kwa kitanda.

"Nataka kuruka na parashuti. Ile ya injini."

Mke hakucheka. Alimaliza kukunja sare yake kwanza.

"Baba watoto, mimi kazi yangu ni kuwageuza watu ubavu. Sikukatazi, maana nikikukataza utanimaliza kwa kuzungukazunguka humu ndani. Ila neno moja. Chombo chako kikaguliwe na mwalimu. Akisema hakifai, yameisha, hakuna cha kutafuta kingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama mmoja mwembamba, zamani mpima ardhi, anafundisha kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa. Wiki sita alimkimbiza Pedeli kwenye majani na parashuti ya shule, aipandishe, aishushe, aipandishe tena, miguu haijaacha ardhi hata kidole. Pedeli akarudi nyumbani magoti yamechubuka kama mtoto wa chekechea.

Chombo chenyewe alikipata kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi pikipiki, mtu asiyekosa mtumba wa kitu chochote. Kulikuwa na jamaa anahama, anauza injini na parashuti kwa pamoja, bei ya kuachia. Shemeji akaifungua ile injini yote, akabadilisha plagi, kabureta akaisugua kwa mswaki, akaiwasha. Ikaitika mara moja.

"Sasa shemeji, ukianguka usije ukasema ni injini."

"Nikianguka nitasema ni wewe."

"Utamwambia nani? Utakuwa umefungwa bandeji mpaka mdomo. Ndiyo siku dada yangu atapata raha humo ndani."

Injini ikawa imepona. Ikabaki parashuti, na mwalimu alisema ataikagua Jumamosi. Siku nne. Pedeli akaitandaza uani, akaona aibu. Tope, madoa ya majani, harufu ya stoo, mikunjo kama uso wa aliyeamshwa. Na kwenye duka lake kulikuwa na sheria moja ambayo hajawahi kuivunja, hata kwa kiraka cha kaptula: hakuna kazi inayotoka mlangoni bila kufuliwa na kupigwa pasi. Leo ampelekee mwalimu uchafu huu?

Basi akaifua. Sabuni ya unga, maji matatu, madoa akayapiga brashi. Akaianika juani. Halafu pasi, ya uvuguvugu maana nailoni anaijua, mshono kwa mshono, siku mbili hajapokea kazi ya mtu. Alipomaliza, parashuti ilimeremeta mpaka akaita majirani waje waione.

Jumamosi Pedeli na shemeji wakapeleka chombo uwanjani. Mwalimu akaitandaza parashuti kwenye majani, akaizunguka. Akapiga magoti, akaweka kitambaa cha parashuti mdomoni, akavuta hewa. Akasogea sehemu nyingine, akavuta tena.

"Njoo," akamwambia Pedeli. "Vuta ile ya shule kwanza."

Pedeli akavuta. Kitambaa kikamganda midomoni, hewa hakuna. Akavuta ya kwake. Hewa ikapita bila shida, kama anapumua kwenye leso.

"Nani kaifua?"

"Mimi, mwalimu."

"Kitambaa hiki kina dawa juu yake, ndiyo inayozuia hewa. Hii ilikuwa imeshaanza kuchoka, na wewe umeimalizia. Itakupandisha. Halafu huko juu itaishiwa hewa, utashuka kama gunia la viazi." Akasimama, akajikung'uta magoti. "Hii haifai. Injini nzima kabisa, aliyeitengeneza anajua kazi."

Shemeji akainua kidevu. Pedeli hakuona. Alikuwa anatembea, anakwenda hatua kumi, anarudi.

Njiani shemeji akasema, "Dada asijue. Tuiuze hii, tupate nyingine. Itazame inavyong'aa, atakayeiona atadhani imetoka kiwandani jana."

Hapo ndipo roho ya Pedeli ilipochafuka, kwa sababu ilikuwa kweli. Ile kazi yake nzuri ingemdanganya mtu yeyote.

Mkewe aliporudi kutoka kazini jioni, alimkuta sakafuni dukani, mkasi mkubwa mkononi, vipande vya nailoni vimejaa mpaka mlangoni.

"Mwalimu kasemaje?"

"Haifai. Nimeiua mwenyewe, kwa sabuni."

"Na mbona unaikata?"

"Imependeza mno, mama. Mtu angeinunua."

Mke akavuta stuli, akavua viatu, akasugua kisigino.

"Angeletwa kwangu," akasema.

"Au asingefika."

"Kaka yangu alikwambia uiuze."

"Muulize mwenyewe."

"Namjua." Akaokota kipande, akakigeuzageuza. "Na injini?"

"Nzima. Kesho naitangaza. Tulikubaliana, sina neno."

Alisema hivyo lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Mke akamwacha akate vipande viwili vitatu zaidi.

"Mwalimu alisema injini haifai?"

"Alisema nzima kabisa."

"Basi unaitangaza ya nini?"

Pedeli akaweka mkasi chini. "Mama watoto, usinichezee."

"Sikuchezei. Ungeiuza kimyakimya, leo hata hiyo injini ningeitupa mtaroni. Tafuta parashuti nyingine. Ila mwalimu akaikague huko huko kwa muuzaji, na ikifika hapa haigusi maji. Ukiona doa, lala na doa lako."

Pedeli akanyanyuka, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Kaa chini," mkewe akasema. "Unanipa kizunguzungu."