Rivasi ya Fundi

Watu wote waliomfahamu walimwita Tela, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa ameendesha lori lenye tela tangu ujana mpaka mvi, na katika umri wote huo hakuna aliyewahi kumkalisha kiti cha abiria. Asubuhi hii alikuwa amekikalia. Mtoto wa jicho alikuwa ameyavamia macho yake yote mawili: la kushoto lilibaki kutofautisha mchana na usiku tu, la kulia liliiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Aliyeshika usukani alikuwa mkewe, mshona nguo hodari, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, na Tela naye hakuwa na jina jingine la kumwita.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwapo dada mkubwa wa Tela, mama mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

"Wifi," alisema tangu hawajatoka mjini kwao, "ukituangusha mtaroni, mimi nitakuwa wa kwanza kukushtaki."

"Ukiwa mtaroni utanishtaki kwa nani, wifi yangu?" Fundi alijibu, akaongeza gia.

Safari ilikuwa ya hospitali ya macho, katika mji mkubwa. Daktari wa upasuaji alikuja kwa msimu, na uandikishaji ulifungwa saa nne asubuhi. Hakuna cha kubembeleza wala cha kulia. Mara ya kwanza Tela alikuwa ameikosa nafasi yake kwa ubishi. Alisema ataendesha mwenyewe, akafika nusu ya njia, akaparamia tuta alilodhani ni kivuli, na gari likarudi nyumbani kwa kuvutwa. Hospitali ikamwambia bila kumung'unya maneno: akikosa tena atangoja msimu mwingine, na wakati huo huenda jicho la kushoto likawa si la kuokolewa.

Basi akapiga moyo konde, akamfundisha mkewe. Walikwenda kiwanja cha mpira kila jioni, na mafunzo yenyewe yalikuwa ya dereva wa lori. Alimfundisha kupiga magurudumu teke kabla ya safari, kupiga honi kwenye kona hata kama kona yenyewe inaonekana yote, na kuubembeleza mlima kwa gia ndogo kabla mlima haujaanza. Kitu kimoja hakukigusa. Neno rivasi, yaani kurudisha gari nyuma, halikumtoka kinywani. Dereva wa tela huikwepa rivasi kama deni. Tela alikuwa na kanuni yake, ingia kwa pua, toka kwa pua, na hata gari lake dogo aliliingiza uani kwa lango moja na kulitoa kwa lango jingine. Siku ya mtihani wa leseni mvua ilimwagika, mkaguzi akaridhika na kwenda mbele tu, na hakuna aliyeona kuna lililopungua.

Njia nzima Tela alikuwa akimsikiliza Fundi. Macho yalimwangusha, lakini masikio yalikuwa yake bado. Aliisikia klachi ikikanyagwa hadi chini, gia ikiingia bila kukwaruza, injini ikipumua vizuri. Madereva wangapi aliowafundisha kazi walikuwa wakisaga gia kama wanasaga mahindi! Huyu, ambaye mguu wake ulizoea kukanyaga cherehani, alijua kukanyaga kidogo na kuachia kidogo. Tela alijisikia raha ya ajabu, na pamoja na raha alijisikia wivu, maana hakuwahi kufikiri gari lake linaweza kumtii mtu mwingine namna ile.

"Punguza mwendo," ndilo neno la sifa lililomtoka.

"Nimepunguza tangu kule nyuma, Baba Watoto."

Mji ukawapokea kwa kelele. Tela aliuona kama rangi zinazopita: kijivu kirefu, hayo yatakuwa maghorofa, nyekundu, hiyo ni taa, vitu vyeusi vinavyochomoka kulia na kushoto, hizo ni pikipiki, Mungu awasamehe waendeshaji wake. Redio iliimba, kama ilivyokuwa ikiimba siku zote katika gari lake. Walipofika kwenye mzunguko mkubwa, ambako barabara nyingi zilimwaga magari yao yote kwa pamoja, Tela alikanyaga breki isiyokuwepo upande wake. Fundi akangoja. Magari ya nyuma yakampigia honi, akangoja vilevile. Kisha akaona upenyo, akaingia, akazunguka, akawasha indiketa, akatoka, kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Tela alijikuta anacheka peke yake.

"Nini tena?" aliuliza dada yake.

"Mimi mara ya kwanza mzunguko huu niliuzunguka mpaka utingo wangu akaniomba ashuke."

Hospitali ilikuwa palepale mbele, jengo jeupe ambalo hata yeye aliliona. Lakini langoni mlinzi aliwainamia dirishani na kuwaambia kuwa mle ndani hapana hata pa kuegesha baiskeli. Waegeshe barabara ya pembeni, ubavuni mwa ukuta.

"Basi mshushe mgonjwa hapa," alisema Dada Mkubwa. "Mimi nitaingia naye."

"Mgonjwa wa macho haandikishwi bila mtu atakayemrudisha nyumbani," mlinzi akasema. "Wewe mama unaendesha?"

"Mimi? Mimi mwenyewe nangoja mtu wa kunishika mkono nishuke."

Wakaenda barabara ya pembeni. Magari yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, bampa kwa bampa, na kila nafasi iliyobaki ilikuwa ya kuingiwa kwa nyuma. Tela, ambaye hakuona nafasi lakini aliona mwanga kati ya giza moja na jingine, akasema, "Endelea. Hapo haliingii." Fundi akaendelea. "Na hapo?" "Hapo halifiki. Endelea, tutapata pa kuingia kwa pua." Wakauzunguka mtaa, wakarudi, wakauzunguka tena. Nafasi zilizokuwa tatu zikabaki mbili, kisha ikabaki moja, kati ya gari kubwa la mizigo na pipa la chuma la taka.

Hapo ndipo Tela alipoelewa alichokifanya. Kwa macho ya moyo alikuwa bado anapima kila nafasi kwa urefu wa lori na tela lake, na gari lenyewe lilikuwa dogo la watu watano. Zaidi ya hapo, alikuwa amemleta mke wake katikati ya mji mkubwa bila kumfundisha kurudi nyuma. Aliona aibu. Dereva mkongwe, tena mwenye sifa zake, halafu akaisahau nusu ya udereva.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Inakaribia saa nne," Dada Mkubwa akasema, na safari hii hakuongeza utani wowote.

Fundi akasimama sambamba na gari la mizigo. "Pa kuingia kwa pua hapapo, Baba Watoto. Niambie namna ya kurudi."

Tela akajifuta jasho shingoni. "Tia rivasi. Taratibu. Sasa kata kulia! Kata kulia yote!"

Fundi akakata kulia, na nyuma ya gari, badala ya kwenda ukutani, ikajitupa katikati ya barabara. Honi zikalipuka pande zote. Pikipiki ikakwepa, na mwendeshaji wake akawaachia neno ambalo Dada Mkubwa alimrudishia papo hapo, tena lenye nyongeza. Mwanamke wa maegesho, mwenye koti la njano la kung'aa, akaja mbio akipunga mikono.

"Kushoto, mama! Kushoto! Nani anakuambia kulia?"

"Mume wangu."

"Mume wako amewahi kuendesha gari?"

Swali hilo lilimchoma Tela kuliko kisu. Akajua kosa lake. Lori lenye tela huelekezwa kinyume: ukitaka mkia uende kushoto, usukani unaukata kulia. Miaka yote ile mikono yake ilikuwa imesema kinyume, na sasa ulimi wake ulikuwa umesema kinyume vilevile, kwa gari lisilokuwa na tela.

"Kata kushoto!" alipaza sauti yule wa koti la njano. "Wifi, angalia pipa!" alilia Dada Mkubwa. "Ngoja kwanza, usikate, kata!" alisema Tela, na redio nayo ikawa inaimba kwa nguvu zake zote.

Fundi akazima injini.

Alikaa hivyo, mikono juu ya usukani, magari yakimlilia nyuma. Halafu akanyoosha mkono, akazima na redio.

"Naomba wote mnyamaze," alisema, bila hasira. "Wewe ulikuwa ukirudi safari, Baba Watoto, ulikuwa unaliingiza lile lori kwa nyuma pale kwenye ghala la mizigo, mbele ya dirisha langu la kushonea. Siku za ghala rivasi ilikuwa huwezi kuikwepa. Mimi nilikuwa naacha kushona nakuangalia. Ulikuwa unazima redio kwanza. Utingo akifungua mdomo unamfokea. Unaangalia kioo hiki, unaangalia kile, unakwenda kidogo, unasimama. Sijui kama ulijua naangalia."

Tela hakujua. Ghala lile alilichukia, na kila alipomaliza kulipigia rivasi shati lake lilikuwa limelowa jasho chapachapa. Kumbe kulikuwa na mtu dirishani, cherehani imesimama, anamtazama kwa moyo wote.

"Sasa nipeni hicho kimya," Fundi akasema.

Akawasha gari. Akalipeleka mbele, akalinyoosha. Mwanamke wa koti la njano alitaka kusema kitu, Dada Mkubwa akamnyooshea kidole dirishani, akanyamaza. Tela alifumba macho, maana hayakuwa na faida. Akasikia rivasi ikiingia bila mkwaruzo. Akasikia gurudumu likisaga mchanga, kidogo, likasimama. Kidogo tena. Usukani ulizunguka kushoto, ukazunguka ukarudi kulia, na mwili wake ukahisi mkia wa gari ukiingia, kisha pua ikiufuata mkia. Alikuwa na maneno kumi ya kusema na akayameza yote kumi. Kilikuwa kimya kigumu kuliko vyote alivyowahi kukaa.

Breki ya mkono ikalia.

"Tumefika," alisema Fundi.

"Mama," alisema yule wa koti la njano, "nipo hapa miaka, sijaona mtu akiingiza gari kwenye hiyo nafasi. Watu wenye akili zao huiacha."

"Ulimwuliza mume wangu kama amewahi kuendesha," Fundi akamjibu, akishuka kumfungulia Tela mlango. "Huyu ndiye aliyenifundisha."

Wakakimbia, kama watu wa umri wao wanavyoweza kukimbia, yaani Dada Mkubwa akiachwa nyuma anapiga kelele kuwa wasimngoje. Mwandikishaji alikuwa ameshika mlango tayari kuufunga. Akawatazama, akaangalia saa ukutani, akaufungua tena mlango.

"Nani atakurudisha nyumbani, mzee?" aliuliza, kalamu mkononi.

Tela alikuwa amelijibu swali la namna hiyo maisha yake yote, na jibu lake lilikuwa moja: mimi mwenyewe. Akapapasa hewani, akaupata mkono wa mkewe.

"Huyu hapa," alisema. "Dereva wangu."

Kesho yake asubuhi muuguzi alilifungua bandeji jicho la kushoto. Kitu cha kwanza alichokiona Tela kilikuwa kipande cha uzi mwekundu kwenye mkono wa gauni la Fundi. Kisha akamwona mwenyewe: mvi alizokuwa hajaziona, makunyanzi mawili mapya pembeni mwa mdomo, na lile tabasamu la kujizuia lililokuwa lake tangu uchumba. Alimwangalia mpaka muuguzi akakohoa.

"Amezeeka?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Wewe ndiye uliyezeeka," alisema Tela. "Huyu bado."

Walipotoka, aliomba apelekwe kwanza kwenye gari. Lilikuwa pale ukutani, limetulia. Akapita nyuma yake, akapima kwa mkono: kati ya bampa na pipa la taka, shibiri moja. Akapita mbele: hata shibiri haikufika. Magurudumu yalikuwa yamenyooka sambamba na ukingo, kama yaliyopigwa rula. Alisimama akilitazama kwa jicho lake jipya, machozi yakamlenga, na muuguzi alikuwa amemkataza kulia. Mahali pale yeye, na ujuzi wake wote, asingethubutu.

"Haya, mdogo wangu," alisema Dada Mkubwa. "Macho umepata. Wakikuruhusu tu, utamnyang'anya wifi usukani wako."

Fundi alikuwa ameshika ufunguo kwenye kiganja kilicho wazi. Alimwangalia mumewe kwa jinsi ambayo Tela, sasa akiona, aliielewa vizuri sana. Alikuwa anangoja kuambiwa.

Tela akakifunga kile kiganja kwa mkono wake, ufunguo ukiwa ndani. Akazunguka gari mpaka upande wa abiria, akafungua mlango mwenyewe, akaketi, akafunga mkanda. Fundi naye akaingia. Ili watoke pale ilibidi kwanza arudi nyuma, shibiri ile moja, pipa likiwa linangoja.

Fundi aliwasha gari na redio ikaanza kuimba. Tela akanyoosha mkono, akaizima.