Moshi wa Gari la Mkunga

Baba yangu wanamwita Mzee Ringi. Mpelekee gari linalotoa moshi wa rangi yoyote, atakwambia ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Miaka arobaini anasema hivyohivyo, na kwa kuwa magari mengi yanayokuja gerejini kwetu ni vikongwe, mara nyingi huwa kweli. Siku hizi macho yake yana ukungu. Kazi nimeirithi mimi, naye hukaa mlangoni kwenye kiti kilichong'olewa garini, akitoa hukumu kwa masikio na pua.

Asubuhi ile mkunga aliingia na moshi wa buluu ukimfuata hadi ndani.

"Ringi," baba alisema, injini haijazimwa hata.

Mkunga akanishika mkono. "Dada, leo saa nane nina ukaguzi wa gari. Likikataliwa, zahanati inaniondoa kwenye zamu za majumbani. Nina wajawazito watatu mwezi huu, mmoja ana mapacha. Nitawafikia kwa miguu?"

Kufungua injini ni kazi ya wiki nzima. Na huyu ndiye aliyekuja kunizalisha miezi minne iliyopita, kwa gari hilihili, mvua ikinyesha kama imetumwa. Nikajiapiza kimoyomoyo kwamba gari hili litapita leo.

"Baba, ngoja nipime kwanza."

"Pima. Ukichoka kupima, lete mnyororo tuitoe injini."

Nikajikaza kisabuni. Nilifungua plagi, nikafunga geji ya mgandamizo kwenye silinda moja baada ya nyingine. Ringi zikiisha mgandamizo hushuka, lakini silinda zote nne zilisoma vizuri, tena sawasawa. Nikamsomea baba namba.

"Geji hiyo mbovu," alisema.

Nikapima upya kwa geji nyingine. Namba zilezile. Baba akakohoa, akatazama upande wa pili kana kwamba kuna mtu kamwita.

Sasa oili ilikuwa inafikaje kwenye moto? Nikawasha injini, nikafungua mfuniko wa kujazia oili, nikaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Injini yenye afya huivuta karatasi ikanata. Hii iliipeperusha hadi miguuni mwa baba. Nikafungua kasha la kichujio cha hewa, nikakuta kichujio kimelowa oili chepechepe. Hapo nikacheka peke yangu. Kila injini hupenyeza hewa chafu kidogo chini ya pistoni, na upo mpira wa kuinyonya hewa hiyo irudi ikaunguzwe. Mpira ukiziba, hewa hupita njia za pembeni ikiwa imebeba oili, na oili hiyo ikiungua ndiyo moshi wa buluu. Injini ya mkunga haikuwa inakufa. Ilikuwa imezibwa pumzi.

Nikachomoa valvu ndogo ya njia hiyo, nikaitikisa sikioni. Ilicheza, nzima kabisa. Nikaupuliza mpira wake, hewa haikupita. Nikaingiza waya, ukagonga kitu kigumu. Nikaupasua kwa kisu.

Ndani mlikuwa na kizibo cha mti kilichochongwa kwa ustadi, kimeviringishwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na kufungwa mafundo matatu. Mafundo yale nayajua tangu utoto, ndiyo yaliyofunga mkoba wangu wa shule kila mshipi ulipokatika.

Nikakumbuka. Wiki niliyojifungua, baba alibaki gerejini peke yake. Mkunga aliniambia gari lake lilikuwa likipiga mluzi na kutetemeka, mzee akalituliza kwa nusu saa tu. Kumbe mpira ulikuwa na ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo methali yake ya kila siku, na siku hiyo alikuwa ameziba ufa pamoja na njia yenyewe. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikamkasirikia tena. Kizibo nikakitia mfukoni, nikaufyata.

Nilifunga mpira mpya, nikaweka kichujio kipya, nikafuta oili kila mahali nilipofikia. Nikapiga stati. Moshi ukatoka mzito kuliko wa asubuhi.

"Si nilikwambia?" baba akadakia.

Mkunga alifunika uso kwa viganja.

"Hiyo ni oili iliyobaki kwenye bomba la moshi, lazima iungue iishe," nikasema. "Panda twende."

Ilikuwa saa tano. Tukazunguka barabara ya kiwandani, tukapanda mlima wa nyuma ya soko mara sita, madirisha yote wazi, watu wakipepea mikono kuondoa moshi puani. Mara ya nne moshi ulipungua. Mara ya sita nilishuka, nikaweka kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba. Kikatoka kikavu.

Tuliporudi, mkunga alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Kwani lilikuwa nini, dada?"

"Mpira tu. Ulikuwa umechoka."

Baba akainua kichwa. "Mpira upi?"

Nikajifanya natafuta spana.

"Mwanangu, mpira upi?" Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikamwekea kizibo kiganjani. Kidole gumba chake kilipita juu ya mafundo, la kwanza, la pili, la tatu.

"Mama mkunga," alisema, "gari lako halikuwa na kosa. Mkono wangu huu ndio ulioziba. Nisamehe."

Neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Nikaona aibu kwa uongo wangu, mimi niliyedhani namlinda.

Mkunga alimshika bega. "Mzee wangu, umesema. Wengi hawasemi." Akaingia garini, akaenda kuwahi ukaguzi. Saa tisa akapiga simu: limepita, na mama wa mapacha ameanza uchungu, naye mkunga yuko njiani kumfuata.

Nilirukaruka peke yangu. Baba hakutabasamu.

"Chukua kalamu," alisema. "Nimeziba hivi magari matano mwaka huu. Pikapu ya muuza mbao, andika. Teksi ya yule mwenye kigugumizi. La mwenye duka la dawa. La mkunga hili, tumelimaliza."

"La tano?"

"La mwalimu wako wa hesabu. Alirudi nalo linatoa moshi, nikamwambia ringi. Akaliuza vyuma chakavu."

Mwalimu alilipenda gari lile, alilipa jina kabisa, na sasa huenda shuleni kwa miguu, akiegemea fimbo yake.

"Nianze kumpigia nani, baba?"

"Mwalimu. Namba bonyeza wewe, mimi sizioni. Kuongea nitaongea mwenyewe."

Nikabonyeza, nikamwekea simu sikioni.