Uzi wa Kivulini

"Mshono unatanuka kila saa sita mchana, siku tisa mfululizo," injinia alisema, akigonga skrini kwa kalamu. "Fundi, hapa ulichomelea au ulipaka uji?"

Watu kikaoni wakacheka. Mimi nilikuwa natazama kamba za viatu vyangu.

Fundi wa kuchomelea, ambaye kila mtu pale darajani alimwita Babu Cheche, alivua kofia. "Injinia, chuma nacho huvimba jua likiwaka."

"Joto tumeshalitoa kwenye hesabu. Binti huyu ndiye aliyefunga kipimo chake. Sivyo, binti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka ule. Kazi yangu ilikuwa kubandika nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, juu ya mishono ya daraja. Ndani ya kila uzi kuna mistari isiyoonekana kwa macho. Ukiupelekea mwanga, mistari hiyo hurudisha rangi moja tu. Uzi ukivutwa, rangi husogea. Tatizo ni kwamba husogea pia uzi ukipata joto, na rangi haisemi ni kipi kimeisogeza. Ndiyo maana uzi mmoja huachwa bila gundi, kando kabisa ya mshono, uchomwe na jua lile lile bila kuvutwa. Huo ndio hupima joto.

Nyuzi za mshono nilizibandika asubuhi na mapema, kabla watu hawajafika. Ukabaki wa joto. Mchana Babu Cheche akanishikia ngazi upande wa jua. "Panda, mwanangu. Nimeishika."

Wanaume walikuwa wamekaa chini wakila. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, sinema imeanza!"

Haya ikanishika kupanda wakinitazama kutoka chini. Nikazunguka nyuma ya boriti, nikaufunga uzi kivulini, pale mkono wangu ulipofika bila kupanda. Nikajiambia chuma ni chuma.

Sasa, mbele ya skrini ile, nikaelewa nilichofanya. Mshono ulikuwa unaungua juani na kipimo chake kimepumzika kivulini. Joto lililobaki kwenye hesabu ndilo tuliloliita ubovu wa fundi. Nikainama kufunga upya kamba za viatu vyangu. Babu Cheche aliambiwa asirudi tena. Alikunja aproni yake ya ngozi polepole, kona kwa kona, akaniaga kwa jina la utani alilonipa mwenyewe: "Haya, Sindano."

Kesho yake nilipanda peke yangu, ngazi ikitikisika, nikauhamisha uzi. Saa sita mchana mstari kwenye skrini ulilala kimya.

"Kulikuwa na hitilafu kwenye mfumo," nilimwambia injinia. Hitilafu ni neno zuri, halina mwenyewe. Hakuniuliza zaidi, nami sijamwambia mpaka leo.

Babu Cheche aliitwa arudi kazini baada ya siku nne. Nilimkuta chini ya boriti, amekinga macho kwa kiganja.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Naona uzi umehamia juani."

Gundi ikaniponyoka mkononi. "Babu, ulijua?"

"Nilikuona siku ile ukiufunga."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

Aliinama, akaiokota gundi, akaifuta vumbi kwa kidole gumba.

"Nilikuwa nakungoja wewe, mwanangu."

Akanirudishia. Kisha akaweka mguu mmoja kwenye kitako cha ngazi, akaishika kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia pembeni ili asinitazame nikipanda.