Chupa Zilizojaa Mpaka Mdomoni

Mwalimu wa kemia alijua kosa ni lake tangu alipofungua friza asubuhi ile na kukuta chupa tatu za kioo zimepasuka. Ndani mlikuwa na maziwa ya mtoto wa mdogo wake, yaliyokamuliwa kidogo kidogo wiki nzima ili huyo mdogo wake, mama mtu, aweze kurudi kazini. Ni yeye mwalimu aliyezijaza jana mpaka mdomoni, akakaza vifuniko, akajiona fundi wa kubana nafasi.

Lakini mdogo wake alishamgeukia dada wa kazi: kila siku anaubamiza mlango wa friza, basi leo afungashe virago. Dada wa kazi akalia, akaomba radhi. Mwalimu akachukua mkoba, huyoo, shuleni. Msomi mzima!

Na balaa gani, somo la siku hiyo lilikuwa maji. Alichora molekuli ubaoni: oksijeni moja, haidrojeni mbili. Oksijeni ina tamaa, alieleza, inavutia elektroni upande wake, haidrojeni zinabaki na chaji chanya kidogo. Basi kila haidrojeni inavutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo ndio bondi ya haidrojeni. Maji yakiwa hayajaganda, bondi hizo hukatika na kushikana upya kila mara, molekuli zikasongamana. Yakiganda, kila molekuli hushikana na jirani zake nne na kutulia mahali pake, na katikati hubaki uwazi. Ndiyo maana barafu hutaka nafasi zaidi.

"Kwa hiyo chupa ikijaa inapasuka yenyewe, hata isipoguswa?" aliuliza msichana wa dawati la mbele.

"Yenyewe," alisema mwalimu, na aibu ikamwasha masikioni. Kipindi kilipokwisha aliomba ruhusa, akarudi nyumbani karibu anakimbia.

Alimkuta dada wa kazi mlangoni, begi begani, macho yamevimba. Mdogo wake alikuwa chumbani anambembeleza mtoto. Mwalimu akasema yote, kwa sauti ya kusikika mpaka huko ndani: ni yeye aliyejaza chupa, maziwa karibu yote ni maji, mlango haukuhusika.

Dada wa kazi alimtazama. Mwenyewe alikuwa ameshaamini ni mkono wake.

"Ulijua lini, mwalimu?"

"Asubuhi. Kabla hujaanza kulia."

Mdogo wake akatoka mbio, mtoto mkononi, akamsihi abaki. Dada wa kazi akambusu mtoto, akapita katikati yao, akaenda zake.