Mguu wa Mama Ngazi

Mama Ngazi alikuwa na mguu mmoja tu, lakini mguu haswa! Ulianzia sakafuni, ukapenya ghorofa zote, ukagota darini. Yeye alikuwa seli mama ndani ya ubongo wa mtoto ambaye bado hajazaliwa, na kazi zake zilikuwa mbili: kuzaa, na kuwa ngazi ya hao aliowazaa. Likizo hakuna.

Pale sakafuni alikuwa ameshikana mikono na majirani, huku na huku, kwa vikulabu vya protini. Ni hivyo vikulabu vilivyokuwa vikimnong'oneza: umeshikwa, basi zaa tena. Naye akazaa, tena na tena. Kila mtoto alijinasua mikononi mwa mama, akaukamata mguu kwa vikulabu vyake, akapanda kutafuta chumba chake juu. Mguuni sheria ni moja: shika, jivute, achia. Ukishika usiachie, unaganda. Ukiachia usishike, unaporomoka.

Na mmoja aliporomoka. Ndiyo maana kitinda mimba alipozaliwa, Mama Ngazi alimfunga vikulabu mara tatu.

"Shoga, huyo umemzaa au umemshona?" jirani wa kushoto akamchokoza.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tazama wako."

"Wangu wako juu wote, nitatazama nini?"

Mara ikashuka sauti ya bawabu wa ghorofa ya mwisho: "Tunafunga leo! Vyumba vimebaki vichache, vya wale watakaoitambua sauti ya mama wa mtoto. Atakayesalia chini atakuwa donge, naye atamsumbua mtoto kwa kifafa!"

"Panda, mwanangu," Mama Ngazi akasema.

"Nipande vipi, mama? Umenishika!"

"Nimekushika kidogo tu."

Kumbe vikulabu havijui kitinda mimba ni nani. Aliyeshikwa huambiwa azae, basi. Binti akatetemeka, akagawanyika katikati.

"Mama!" wakaita wawili.

"Yupi mkubwa hapo?"

"Mimi!" wakajibu wanne.

Jirani alicheka hadi sakafu nzima ikatikisika. "Ulitaka mmoja asikuponyoke. Haya, sasa unao wanne, wote hawaponyoki!"

"Dakika chache!" bawabu akapiga kelele.

Mama Ngazi akauangalia mguu wake wote mrefu, mpaka pale mtoto wake alipoteleza. Akatamani aachie kila kitu, apande nao mwenyewe.

"We! Usithubutu," jirani akamkaza mkono. Safari hii hakucheka. "Ngazi ikipanda, wengine watapanda nini? Wao waachie. Wewe nimekushika mimi."

Basi akaanza na wa kwanza. "Umeushika mguu?"

"Nimeushika."

"Kweli?"

"Kweli, mama!"

Akafungua kikulabu cha kwanza, cha pili, na cha tatu kikamtoka kama jino. Wa kwanza akapanda. Wa pili. Wa tatu, mlalamishi, akapanda akisema mguu una baridi. Wa nne akafika katikati, akateleza. Mama Ngazi akafumba macho, maana mikono yake haikuwa mirefu kama mguu.

"Nimeshika!" ikaja sauti, nyembamba. "Mama, usinitekenye!"

"Wewe ndiye unayenitekenya. Panda!"

Mlango wa juu ukafungwa kwa kishindo. Kisha, kutoka nje kabisa, nje ya ubongo na nje ya mtoto, mwanamke mmoja akaanza kuimba, tena vibaya, akipotea kila ubeti.

"Huyo ni mama wa mtoto!" wanne wakapiga kelele kule juu. "Tumemjua! Tumemjua!"

Mama Ngazi akakaa, vikulabu alivyowafungia watoto sasa vitupu.

"Mama!" sauti ya mlalamishi ikashuka ngazi nzima. "Jirani yangu huku juu ananibana mkono!"

"Mshike kidogo, mwache kidogo!" Mama Ngazi akajibu kwa ukali wa mtu anayeijua kazi.

Jirani akakohoa. "Hebu tusikie nani anasema."